Mbegu za Nani Zimehesabiwa? Kitabu cha "Count Down" Kikisomwa Muheza

Kuna kitabu kinachozungumzwa sana tangu kitoke mwaka 2021, hata na watu ambao hawajawahi kukishika mkononi. Kinaitwa Count Down. Kimeandikwa na Shanna Swan, mtaalamu wa epidemiolojia wa Mount Sinai, New York, akishirikiana na mwandishi Stacey Colino. Ujumbe wake kwa kifupi: mbegu za wanaume zinapungua kwa kasi, na mshukiwa mkubwa ni kemikali zinazovuruga homoni, hasa zile tunazokutana nazo kwenye plastiki, vipodozi na vyombo vya jikoni. Ukimsikia jamaa kijiweni anasema "plastiki inamaliza uzazi wa wanaume", kuna uwezekano mkubwa habari yake imeanzia huku, ingawa njiani imeongezewa chumvi.

Ni kitabu kizuri na nitaeleza kwa nini. Lakini ukikisoma ukiwa Muheza, kwenye wilaya ya machungwa, viungo na utafiti wa malaria, unaona kitu ambacho msomaji wa New York hawezi kukiona kirahisi. Hoja yangu ni hii: sayansi iliyomo ndani yake ni imara kuliko wakosoaji wengi wanavyodai, ila mwanaume aliye hatarini kwenye kurasa zake anaishi mbali sana na hapa. Tukimchukua kama alivyo, tutaishia kuogopa pazia la bafuni huku bomba la kupulizia dawa likiwa mgongoni.

Kemikali inavurugaje homoni?

Tuanze na msingi, maana bila huu mengine yote yanakuwa porojo. Homoni ni ujumbe. Korodani hutengeneza testosteroni, inaingia kwenye damu, inafika kwenye seli na kukaa kwenye kipokezi chake, kama ufunguo kwenye kitasa. Kitasa kikifunguka, seli inafanya kazi iliyoagizwa.

Kemikali vurugi zinaingilia mfumo huu kwa njia mbalimbali. Baadhi ya fithaleti, yaani kemikali zinazolainisha plastiki, hupunguza utengenezaji wa testosteroni kwenye korodani changa. Huo ni uvurugaji wa kiwandani: funguo zenyewe zinakuwa chache. Bisfenoli A, au BPA, inafanana kiasi na estrojeni, hivyo inaweza kufungua kitasa kisicho chake. Halafu kuna DDE, kitu kinachobaki DDT inapovunjika. Mwaka 1995 Kelce na wenzake walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba DDE inakaa kwenye kipokezi cha homoni za kiume na kukiziba. Ufunguo halisi unafika, unakuta kitasa kimeshajaa.

Wakati ambao uvurugaji huu una madhara makubwa zaidi ni tumboni mwa mama, ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba au kupita hapo kidogo, pale mwili wa mtoto wa kiume unapojengwa. Kitabu kinalieleza jambo hili vizuri sana, na ndiyo sehemu yake bora. Swan hasimulii ya kusikia. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watoto wa kiume nchini Marekani. Wale ambao mama zao walikuwa na kiwango kikubwa cha baadhi ya fithaleti kwenye mkojo wakati wa ujauzito walikuwa na nafasi fupi zaidi kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Kipimo hicho kinaweza kuonekana cha ajabu, ila kwa watafiti wa uzazi ni alama inayosomeka: kikipungua, homoni za kiume hazikufanya kazi yake ipasavyo mtoto akiwa tumboni.

Takwimu zinasema nini, na hazisemi nini

Kilichokipa kitabu umaarufu ni takwimu. Mwaka 2017 Hagai Levine, Swan na wenzao walikusanya tafiti 185 zenye wanaume 42,935. Kwa wanaume wa Ulaya, Marekani Kaskazini, Australia na New Zealand ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya uzazi wao, idadi ya mbegu kwa kila mililita ilishuka kwa asilimia 52.4 kati ya mwaka 1973 na 2011. Mwaka 2022 timu hiyo ikatoa uchambuzi mwingine uliofika hadi mwaka 2018 na kuongeza takwimu za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Mteremko ukaonekana huko nako.

Wengi walidakia hapo na kuchora mstari hadi chini. Ndipo likatoka lile kadirio lililosambaa magazetini kwamba ifikapo mwaka 2045 mwanaume wa kawaida hatakuwa na mbegu kabisa. Hili tuliseme wazi: kurefusha mstari si ushahidi. Mtoto anayeongezeka sentimita sita kwa mwaka hatafika mita tano akiwa mzee. Kwenye uchambuzi wa 2022, wastani ulishuka kutoka takribani milioni 101 hadi milioni 49 kwa mililita. Ni mteremko mkali, ila kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitumia kama rejea ni milioni 16. Tena mbegu zikishapita milioni 40 hivi, nyongeza haibadilishi sana uwezekano wa kutungisha mimba. Kwa hiyo wastani unaweza kushuka bila mtu wa kawaida kuhisi chochote. Wanaoumia ni wale waliokuwa karibu na mpaka tangu mwanzo, ambao sasa wanavuka upande mbaya.

Kwangu, ukosoaji mzito zaidi ni wa nani aliyehesabiwa. Uchambuzi wa 2017 uliwagawa wanaume wa dunia nzima kwenye makapu mawili: "Magharibi" na "Wengine". Muheza, Mumbai na Lima zote ziko kapu moja. Kwa hao "Wengine" mteremko wenye uhakika wa kitakwimu haukuonekana, na waandishi wenyewe walikiri tafiti zilikuwa chache. Mwaka 2021 Marion Boulicault, Sarah Richardson na wenzao waliukosoa mgawanyo huu: unamfanya mwanaume wa Magharibi wa miaka ya 1970 kuwa ndiye kipimo cha afya, na kila mwingine anapimwa kwa umbali wake kutoka kwake.

Kwa Afrika, Sengupta na wenzake walichapisha mwaka 2017 kwenye African Health Sciences, jarida la hapo Makerere, Uganda, uchambuzi wa miaka 50 uliotaja kushuka kwa asilimia 72.6. Namba inatisha. Lakini imejengwa juu ya tafiti 14 kwa bara zima. Ukichukua vipimo vya hospitali moja ya nchi fulani miaka ya 1960, ukavilinganisha na vya hospitali nyingine ya nchi nyingine miaka ya 2010, huwezi kujua kama kilichobadilika ni mbegu, darubini, au aina ya wanaume waliokubali kupimwa.

Ukuta ambao kitabu hakikuugusa vya kutosha

Sasa twende kwenye pengo lenyewe. Sehemu ya ushauri ya kitabu inapita nyumbani kwa msomaji: sufuria zisizoshika chakula, mapazia ya plastiki ya bafuni, manukato, vyombo vya kuhifadhia chakula. Ushauri si mbaya. Ila ni nyumba ya nani hiyo? Kwa mtu wa ukanda huu, kemikali yenye ushahidi wa karibu zaidi haikuingia nyumbani kupitia supamaketi. Iliingia kupitia kampeni ya malaria, ikapuliziwa ukutani.

Ushahidi wa binadamu ulio wazi zaidi unatoka Vhembe, jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, ambako nyumba zilinyunyiziwa DDT kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Aneck-Hahn na wenzake waliwapima vijana 311 wa huko wenye afya njema. Kadiri DDE ilivyokuwa nyingi kwenye damu, ndivyo mbegu zenye mwendo zilivyokuwa chache na ujazo wa manii ulivyopungua. Mwaka 2010 Bornman na wenzake wakatoa utafiti wa watoto wa kiume 3,310 waliozaliwa huko. Mama aliyeishi kijiji kilichonyunyiziwa alikuwa na uwezekano wa asilimia 33 zaidi wa kuzaa mtoto wa kiume mwenye hitilafu kwenye njia ya mkojo au viungo vya uzazi. Kwa mama wa nyumbani, asiyekwenda kazini, hatari iliongezeka kwa asilimia 41. Mantiki yake ni rahisi: yeye ndiye anayeshinda kutwa ndani ya kuta zile.

Utasema, hiyo ni Limpopo, sisi tunahusikaje? Tunahusika sana. Kituo cha Amani, kule juu kwenye misitu ya Usambara Mashariki ndani ya wilaya yetu, ndicho kilichokuwa makao ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni, kabla ya kuja kuwa chini ya NIMR. Wanasayansi wake walishiriki mradi wa Pare-Taveta, ambapo kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya zilinyunyiziwa dieldrini. Malaria ilishuka sana, na hilo halina ubishi. Lakini dieldrini ni ndugu wa DDT, na leo zote mbili zimo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm. Zanzibar nako, kampeni ya kutokomeza malaria iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 iliendelea kutumia DDT hadi miaka ya 1960.

Utasema tena, hayo ni ya zamani. Tatizo ni kwamba kemikali hizi hazijui neno zamani. Jirani zetu tu hapo Korogwe ya Zamani palikuwa na ghala la viuatilifu, na lingine Vikuge, Kibaha. Watafiti wakiongozwa na Mahugija wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua udongo wa maghala kama hayo, kati ya miaka 5 na 14 baada ya kusafishwa, wakakuta DDT na mabaki yake bado yapo. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu maziwa ya akina mama wa Arusha uliikuta DDE humo. DDE inapenda mafuta, inakaa mwilini miaka, na inatoka kwa mama kwenda kwa mtoto kupitia kunyonyesha. (Kina mama, endeleeni kunyonyesha. Faida za maziwa ya mama zinazidi hatari hii kwa mbali, na hata watafiti wa mambo haya wanasisitiza hivyo.)

Chandarua usikitupe

Hapa ndipo uandishi wa hofu unaweza kuua mtu kweli. Afrika Kusini iliacha DDT mwaka 1996 ikahamia dawa za jamii ya pairethroidi. Mbu wakawa sugu, malaria ikalipuka, na mwaka 2000 DDT ikarudishwa. Anayesema "piga marufuku tu, mambo yaishe" hajawahi kulaza mtoto mwenye degedege.

Muheza ina sehemu ya heshima kwenye kutafuta njia ya tatu. Miaka ya 1980 na 1990, Jo Lines, Chris Curtis na wenzao Watanzania walifanya hapa majaribio ya vyandarua vyenye dawa, mengine kwenye vibanda maalum vya kijiji cha Mng'aza. Mwaka 1998 wakachapisha ulinganisho wa vijiji vilivyopewa vyandarua na vijiji vilivyonyunyiziwa majumbani. Chandarua anacholalia mtoto leo Kigoma au Kisumu kina mchango wa jasho la watu wa hapa.

Je, pairethroidi za kwenye vyandarua hazina neno? Zimehusishwa na ubora mdogo wa mbegu kwenye baadhi ya tafiti, kwa hiyo si maji ya kunywa. Lakini mwili unazivunja na kuzitoa kwa siku chache, tofauti kabisa na DDE inayokaa miaka. Halafu kuna jambo ambalo kijiweni halitajwi: homa yenyewe inashusha mbegu. Mwanaume aliyeugua homa kali anaweza kuwa na mbegu chache kwa wiki kadhaa baadaye. Ukikiacha chandarua ili "kulinda uzazi", unaweza kuupoteza kwa malaria, na roho pia.

Kwa hiyo swali la maana kuhusu dawa za wadudu ni hili: ipi, inakaa mwilini muda gani, nani anaigusa zaidi, na mama mjamzito yuko wapi inapopuliziwa? Kitabu kinachotaka kuwa cha dunia nzima kilipaswa kulipa swali hili uzito uleule kilioupa sufuria.

Neno moja linalotuponza

Lawama zote tusimbebeshe Swan. Na sisi tuna yetu, inaanzia kwenye lugha. Habari za kitabu kama hiki zikishuka kwa Kiswahili, zinatua kwenye kapu moja linaloitwa "nguvu za kiume". Humo mmechanganywa vitu viwili tofauti: uwezo wa tendo, na uwezo wa kutungisha mimba. Mwanaume anaweza kuwa imara kitandani kila siku na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Mwingine anaweza kuwa na shida ya kusimamisha huku mbegu zake ni nzima kabisa. Hakuna anayeweza kujua idadi ya mbegu kwa kuangalia manii kwa macho, iwe ni mazito au mepesi.

Wafanyabiashara wa dawa za nguvu wanaujua mkanganyiko huu na wanaula vizuri. Tangazo linaanza na sayansi ("kemikali zimeshusha mbegu zako"), linamalizia na chupa isiyo na maelezo ya kilichomo. Yaani unaogopeshwa na kemikali usiyoijua, halafu unauziwa nyingine usiyoijua.

Anayelipia mkanganyiko huu ni mwanamke. Kwa kuwa mume "ana nguvu", basi shida lazima iwe ya mke. Atazungushwa kwa waganga, atasemwa na mawifi, ataletewa mke mwenza, na mume hajapimwa hata mara moja. Ilhali karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, tatizo au sehemu ya tatizo liko kwa mwanaume.

Na huku pwani, kabla ya plastiki kulikuwa na busha. Matende na mabusha ni ugonjwa wa minyoo wanaoenezwa na mbu, na mkoa wa Tanga ni kati ya maeneo yaliyoumizwa nao sana. Maji yakijaa kwenye pumbu yanaweza kuathiri joto na kazi ya korodani, na hapo ongeza aibu inayomfanya mtu ajifungie ndani. Weka tena magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, yanayoweza kuziba mirija. Haya yana vipimo na yana tiba. Mwanaume wa Muheza anayetafuta mtoto akianza na fithaleti ameruka mistari mitatu ya juu kwenye orodha yake.

Wafanyakazi waliozungumza

Nimalizie na kisa ambacho kwangu kina somo kubwa kuliko mchoro wa 2045. Mwaka 1977, kwenye kiwanda kimoja cha viuatilifu huko Lathrop, California, wafanyakazi waligundua jambo wakiongea wenyewe kwa wenyewe: karibu wote hawapati watoto. Wakadai wapimwe. Wengi walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa. Chanzo kilikuwa DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Hii inaharibu korodani moja kwa moja zaidi ya kuchezea homoni, lakini angalia njia ya ugunduzi: haikuanzia maabara. Ilianza na wanaume waliothubutu kuambiana ukweli.

Nani anaambiana hivyo kati ya vijana wanaopuliza nyanya na kabichi kule Lushoto, au dawa za machungwa hapa kwetu, bila glavu, na bomba linalovuja mgongoni? Hao ndio ningependa kitabu kijacho kianze nao. Mpaka hapo, mambo ya kufanya hayahitaji kusubiri profesa. Unapopuliza dawa, vaa glavu na nguo ndefu, oga kabla hujamshika mtoto, nguo za kazi zifuliwe peke yake, na bomba lisilale chumbani. Kopo la dawa lisigeuzwe la maji wala mafuta ya kula. Mjamzito asikae karibu. Chakula cha moto na chai visiwekwe kwenye plastiki; sahani na kikombe cha bati vinatosha. Na mkipita mwaka mzima bila mimba, nendeni wote wawili, siku moja. Kipimo cha manii ni rahisi kuliko vingi anavyofanyiwa mwanamke. Kikileta majibu mabaya, rudia baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu moja huchukua siku 70 na zaidi kutengenezwa, na homa ya mwezi uliopita inaweza kuwa ndiyo iliyoharibu hesabu.

Count Down kisomeni. Kinafundisha, na kengele kinayopiga si ya uongo. Ila msomaji wa Muheza akifika kwenye takwimu, aulize mbegu za nani zimehesabiwa. Kisha ahesabiwe na yeye.